Kaskazi Ikikata, Tuupumzishe Mwamba

Ndugu zangu wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, nanyi wa Unguja, Pemba na Mafia:

Machi inapoingia, kaskazi imelegea na kusi bado haijashika, bahari hutulia tuli. Ni maleleji. Upepo wa kuyachanganya maji haupo, jua hupenya hadi chini, na joto hupanda. Likizidi kiwango cha kawaida cha msimu wa joto kwa digrii 1 tu ya Selsiasi, likadumu majuma kadhaa, matumbawe huanza kupauka.

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya riziki yake. Joto likizidi, mwani huo hugeuka sumu kwake, naye huutoa mwilini. Rangi huondoka nao. Mpiga mbizi anayeshuka siku hizo huona matumbawe ya matawi yamekuwa meupe pepepe, mengine yaking'aa zambarau au buluu, na huenda akadhani yamependeza. Kumbe yana njaa. Bado yako hai, na maji yakipoa mapema huweza kupokea mwani tena. Yasipopoa, utando wa kijani na kahawia huyafunika, na hapo ndipo yamekwisha kufa.

Tuliyaona haya mwaka 1998. Katika sehemu nyingi za pwani ya Kenya na Tanzania, zaidi ya nusu ya matumbawe hai yaliangamia. Joto likarudi 2016, likarudi tena 2024, na Aprili ya mwaka huo wanasayansi wakatangaza kwamba dunia nzima imeingia katika upaukaji mkubwa wa nne. Tangu mwanzo wa 2023, zaidi ya asilimia 80 ya eneo la miamba ya matumbawe duniani imefikiwa na joto la kuyapausha matumbawe. Na utafiti ulioongozwa na David Obura wa shirika la utafiti wa bahari la CORDIO, Mombasa, uliotolewa mwaka 2021, ulikuta kwamba miamba ya magharibi mwa Bahari ya Hindi imo hatarini kuporomoka ndani ya miaka 50. Ulitaja sababu mbili kuu: bahari kupata joto, na uvuvi uliopita kiasi.

Ile ya kwanza hatukuianzisha sisi. Gesi zinazoipasha bahari joto hazikutoka kwenye ngalawa zetu, na serikali zetu zina wajibu wa kulisema hilo kwa sauti kubwa katika kila mkutano wa tabianchi. Ile ya pili ni yetu.

Wapo wanaouliza: kama hifadhi za Kenya nazo zilipauka mwaka 1998, kufunga mwamba kuna faida gani? Swali ni la haki. Kufunga hakuzuii joto. Faida yake huonekana joto likishapita. Pono, kangaja na tasi hula mwani unaoota juu ya matumbawe yaliyokufa. Wasipokuwepo, vitoto vya matumbawe havipati mahali safi pa kushika. Kikande naye hula wale viumbe weusi wa miiba mirefu, ambao wakizidi huutafuna mwamba wenyewe. Mtafiti Tim McClanahan amelifuatilia jambo hili kwenye miamba ya Kenya kwa miongo kadhaa. Tukimaliza samaki hawa kwa juya, mwamba uliokufa utabaki umekufa.

Utaratibu tunao tayari. Wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, walitenga hekta 30 za mwamba wao mwaka 2005, na samaki wakarudi. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba hufunga miamba kwa miezi ili pweza wakue. Ninachoomba ni kwamba kufunga huko kufuate pia joto la maji: mwamba uwapo na homa, kuanzia Machi hadi Mei, usikanyagwe, usikokotwe juya, usitupiwe nanga. Na pono aachwe mwaka mzima.

Setilaiti hupima joto la bahari kila siku. Basi taasisi za utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI ya Kenya na TAFIRI ya Tanzania, pamoja na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar zitutangazie tahadhari kwa Kiswahili, redioni, kabla maji hayajachemka, kama tunavyotangaziwa mvua.

Lakini mzigo huu asitwishwe mama anayetafuta pweza kwa miguu maji ya bamvua yanapokupwa. Miezi mitatu bila mwamba kwake ni miezi mitatu bila kitoweo wala ada ya shule. Hoteli zinazouza mwamba huohuo kwa watalii zichangie fidia yake, ziweke maboya ya kufungia mashua, ziache kumwaga maji machafu baharini. Nasi tunaonunua mnadani tukatae pono, hata wakiwa rahisi. Anayevua kwa baruti tumtaje, awe ndugu, awe jirani.

Kaskazi nyingine inakuja. Kabla haijafika, kila kamati ya wavuvi ya shehia na kila kikundi cha usimamizi wa fukwe (BMU) iitishe kikao, wanawake wakiwemo na wenye hoteli wakialikwa, na kisivunjike kabla ya kuandikwa: ni sehemu gani ya mwamba itapumzishwa, kuanzia tarehe gani, nani atailinda, na anayeacha riziki yake hapo atalipwa nini na nani.