Agizo lisilotanguliwa na kitendo

 

Ndugu Waislamu, Julai 5, 2024, katika siku za maandamano ya vijana waliopinga Mswada wa Fedha nchini Kenya, Rais William Ruto alitangaza hatua za kubana matumizi. Miongoni mwake ilikuwa kuwazuia maafisa wa serikali kushiriki katika harambee. Novemba 17 mwaka huo huo, yeye mwenyewe alitoa zaidi ya shilingi milioni mbili katika kanisa moja la Kikatoliki la mtaa wa Soweto, Nairobi. Siku ya pili yake, Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha hizo zirudishwe.

Wengi walilijadili tukio hilo kwa jicho la siasa. Sisi tulitazame kwa jicho la malezi. Hoja si ubaya wa kutoa, kwani sadaka ya dhahiri ni njema na ya siri ni bora zaidi, kama tunavyofundishwa katika Surat Al-Baqara, aya ya 271. Hoja ni hii: mtu akiagiza jambo, kisha kitendo chake kikaenda kinyume, wanaomtazama watafuata kipi?

Jibu tunalipata Hudaybiya. Mwaka wa 6 Hijria (628 Miladia), Mtume (S.A.W.) alitoka Madina pamoja na sahaba wapatao 1,400 kwenda kufanya Umra. Makuraishi wakawazuia, na ukaandikwa mkataba uliowalazimu kurejea bila ya kuingia Makka mwaka ule. Masharti yale yaliwachoma nyoyo masahaba. Mtume alipowaamrisha wachinje wanyama wao na wanyoe, hakuinuka hata mmoja. Akairudia amri hiyo mara tatu. Hawa hawakuwa waasi. Miongoni mwao walikuwamo walioacha mali na miji yao kwa ajili ya dini. Ila huzuni ilikuwa imewalemea.

Mtume akaingia kwa mkewe, Bibi Ummu Salama (R.A.), akamweleza yaliyotokea. Naye akampa rai: atoke, asiseme na yeyote, achinje ngamia wake, kisha amwite kinyozi amnyoe. Mtume akafanya hivyo. Masahaba walipomwona waliinuka, wakachinja na kunyoana, wakisongamana hata wakakaribia kudhuriana.

Zingatia, ndugu msomaji. Mtume, ambaye hakuna mwanadamu mwenye kauli tukufu kuliko yake, alisema mara tatu na watu wakabaki wameketi. Alipotenda bila ya kusema neno, wote wakainuka. Basi sisi ni nani hata tutegemee maneno peke yake?

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) aliifahamu vyema siri hii. Katika njaa ya mwaka wa 18 Hijria, ulioitwa Mwaka wa Majivu, alijinyima samli mpaka watu wapate nafuu, hata rangi ya uso wake ikabadilika. Watu wa Madina waliiona subira usoni mwa kiongozi wao kabla ya kutakiwa kusubiri. Vijana wa mwaka 2024 hawakulalamikia kodi tu. Waliwalalamikia pia viongozi waliowataka wananchi wavumilie, huku wao wakijionyesha kwa saa na magari ya kifahari.

Lakini tusiwanyooshee kidole wanasiasa tukajisahau. Surat As-Saff, aya ya 2 na ya 3, inawakemea walioamini kwa kusema wasiyoyatenda, na mimi simo nje ya lawama hiyo. Miaka mingi iliyopita, uchaguzi ulipokaribia, mgombea mmoja alituletea bahasha ya ujenzi wa madrasa. Niliipokea mbele ya watoto na nikamwombea dua kwa jina lake. Wiki iliyofuata nilisomesha juu ya rushwa, kwamba mtoaji na mpokeaji wote wamelaaniwa. Kijana mmoja akaniuliza, "Maalim, na ile bahasha?" Nilimjibu kwa maneno mengi, naye akainamisha macho. Chumba cha darasa kilijengwa, lakini somo la siku ile sikulifundisha.

Basi kamati za misikiti zisome hesabu zao hadharani kabla ya kudai uwazi kwa wengine. Anayetaka kutoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu atoe bila ya kupewa kipaza sauti. Nasi walimu na wazazi tusimuamrishe mtoto asiseme uongo, kisha tukamtuma mlangoni akamwambie mdai kuwa baba hayupo. Mkono mtupu haulambwi, wamesema wahenga. Lakini mkono uliojaa usitufunge midomo.

Mwenyezi Mungu atujaalie vitendo vyetu viwe mbele ya maneno yetu. Amin.