Bei Nafuu Isituficha Zebaki

Kwa miaka mingi kamera bora za infraredi zimekuwa mali ya majeshi na ya wenye fedha. Miale hiyo, ambayo William Herschel aliigundua Uingereza mwaka 1800 kwa kipimajoto tu, haionekani kwa jicho la binadamu. Hata silikoni ya kamera za kawaida haiioni ikipita nanomita 1,100 hivi. Vigunduzi vyake bora hutengenezwa kwa fuwele zinazokuzwa tabaka kwa tabaka, na vile vya mawimbi marefu aghalabu hupozwa hadi karibu nyuzi 196 chini ya sufuri. Ndiyo sababu bei yake haishikiki.

Sasa wanasayansi wameleta njia nyingine. Fuwele ndogo mno, za nanomita chache, hupikwa ndani ya chupa ya maabara hadi ziwe kama wino, kisha wino huo hupakwa juu ya silikoni iliyokwisha kuundwa saketi. Ukubwa wa fuwele ndio unaoamua ni miale ipi itakayonaswa. Elimu ya fuwele hizi iliwapatia Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Manufaa yake hayahitaji kupigiwa debe: maji hufyonza miale hiyo, hivyo unyevu ndani ya mahindi waweza kupimwa kabla kuvu haijaingia ghalani, nayo gesi ya methani inayovuja, isiyo na rangi, huonekana.

Lakini tuulize wino huo umepikwa kwa nini. Fuwele zilizotangulia kuingia katika kamera za kuuzwa ni za salfaidi ya risasi. Zinazoona mbali zaidi ni za teluraidi ya zebaki. Watetezi watasema kiasi kilichomo katika kigunduzi kimoja ni kidogo sana, nao wanasema kweli. Hata hivyo, shabaha nzima ya bei nafuu ni kwamba vigunduzi vitakuwa mamilioni, ndani ya simu na magari, na simu kuukuu hazizikwi zilikozaliwa. Sisi twaijua risasi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu hiyo. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, nao wakasubiri hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipoirejesha hukumu iliyokuwa imetenguliwa.

Njia mbadala ipo. Mwaka 2024 watafiti wa taasisi ya ICFO, karibu na Barcelona, walionyesha kigunduzi cha teluraidi ya fedha, kisicho na risasi wala zebaki. Hakifiki mbali kama cha zebaki, lakini kwa kazi nyingi za shambani na viwandani mawimbi mafupi yanatosha. Serikali zetu, kabla ya kufungua milango kwa vifaa hivi, zidai kila mtengenezaji aandike fuwele zake ni za madini gani, na ni nani atakayezipokea zikishachakaa.