Kete nyeusi si lazima zisubiri sare

MCHEZAJI wa sataranji mwenye kete nyeusi, mpinzani akifungua kwa kumsogeza askari wa mfalme hatua mbili, mara nyingi huwaza sare kwanza. Pambano la ubingwa wa dunia la mwaka 2018, lililofanyika London, linaonyesha kuwa hesabu hiyo ina walakini.

Bingwa mtetezi, Magnus Carlsen wa Norway, kila alipofunguliwa hivyo na Mmarekani Fabiano Caruana alijibu kwa ulinzi wa Sisilia. Huo haumkabili askari yule uso kwa uso, bali humtanguliza askari wa askofu upande wa malkia, na ubao hupoteza ulinganifu tangu mwanzo. Katika mchezo wa 8, 10 na 12 alichagua tawi kali zaidi, la Sveshnikov, ambamo mweusi huacha tundu katikati ya ubao ili kete zake zipate uhuru. Nusura limponze katika mchezo wa 8.

Caruana, akiwa na nyeusi, alitegemea ulinzi wa Petrov, mgumu kuvunjwa lakini mkavu. Michezo yote 12 ilikwisha kwa sare. Hata hivyo, katika mchezo wa mwisho Carlsen mwenye nyeusi ndiye aliyekuwa na hali bora alipoomba sare, uamuzi uliowakera wengi, na kwa haki.

Katika michezo ya kasi ya Novemba 28, Sveshnikov ilimpa ushindi. Akiwa nyuma 2-0, ndipo Caruana naye alipoiacha Petrov na kushika Sisilia, kwa mara ya kwanza katika pambano lile. Alishindwa, ikawa 3-0.