Mti wa Shimba na Daftari la Mwanafunzi

Wanafunzi wetu hukariri vyema kwamba mimea ya dawa ni urithi wa taifa. Sijui ni wangapi wawezao kuueleza hata mmea mmoja. Tuchukue jenasi ya Maytenus, iliyo ya ukoo mmoja na miraa.

Mnamo 1972 mwanakemia wa Marekani, S. Morris Kupchan, na wenzake walitangaza kwamba wamepata kutoka Maytenus ya Ethiopia kemikali waliyoiita maytansini. Kemikali hii huzuia seli kugawanyika, nazo seli za saratani ndizo zigawanyikazo bila kipimo. Kiu ya kuipata kwa wingi ikawafikisha Kwale. Katika vilima vya Shimba ilivunwa Maytenus buchananii kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Hesabu itajwayo ni kilo 27,215. Tani ishirini na saba za mmea wa msituni! Walipopewa wagonjwa, maytansini ilionekana kuwa sumu kali mno, na katika miaka ya 1980 majaribio yakaachwa.

Aghalabu kisa hiki hukomeshwa hapo, ilhali kiliendelea. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha Kadcyla, dawa ya aina fulani ya saratani ya matiti. Ndani yake mna jamaa wa maytansini, aliyefungamanishwa na kingamwili inayompeleka hadi kwenye seli zenye ugonjwa. Wala haikuhitajika tena shoka: malighafi yake hutengenezwa na bakteria kiwandani.

Basi wasemao kwamba tukiulinda msitu tumelinda mali yote, nawaunga mkono nusu. Msitu ulindwe. Lakini maarifa yakishachukuliwa, mti waweza kusahauliwa papo hapo uliposimama. Wavunaji wa Shimba hawakubanwa na mkataba wowote wa kimataifa wa kugawana faida. Mkataba wa Bayoanuwai ulitiwa saini 1992. Leo tunayo Katiba ya 2010 na sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Hata hivyo, jamii itadaije haki ya ujuzi ambao haukuandikwa popote, na wazee waliokuwa nao wamekwisha kuzikwa?

Nionavyo, walimu wa Biolojia na wa Kiswahili washirikiane. Mwanafunzi amwendee nyanya au babu yake, aandike jina la mmea kwa lugha ya nyumbani, sehemu itumiwayo, jina la msimulizi na tarehe. Mwalimu akaushe tawi lenye maua, lipelekwe kwa wataalamu wa Makavazi ya Taifa wautambue mmea. Daftari libaki shuleni, wala lisichapishwe pasipo idhini ya msimulizi, maana zipo siri za watu humo.

Najua watakaolalamika kwamba twarudisha uganga darasani. Kuandika dawa si kuinywa, na hakuna mtoto atakayetumwa kuchemsha mizizi. Likizo ya Agosti yatosha kujaza kurasa kumi za kwanza.