Anayengojewa Huandika



Kila toleo la jarida hili hupokea taarifa za misiba na harusi, michango ya ukumbi, salamu za Idi na Krismasi. Hadithi ni nadra, na shairi likija huwa limenakiliwa mahali. Jambo hilo limenisumbua muda mrefu. Basi likizo hii niliamua kutumia wiki nzima kusoma vitabu, hasa vya wenzetu waliotutangulia kuishi hapa Ujerumani. Nilitaka kujua wao waliandikaje, na waliandika kwa ajili ya nani.

Nilianza na Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mtu huyu wa Bagamoyo aliletwa Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo kilichowaandaa maofisa wa kikoloni kabla hawajapelekwa Afrika Mashariki. Desturi za Waswahili, kitabu kilichotoka mwaka 1903, kwa sehemu kubwa ni kazi yake, ingawa jina lililokaa jaladani ni la profesa aliyekihariri, Carl Velten. Mna habari za uzazi, jando, ndoa, uganga, kilimo, madeni na mazishi, zote kwa Kiswahili kizuri cha Mrima ambacho leo husikii mara nyingi. Nilisoma hadi usiku wa manane.

Lakini kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyozidi kuhuzunika. Ukurasa baada ya ukurasa, Mtoro anaeleza mambo ambayo mtoto yeyote wa Bagamoyo asingehitaji kuelezwa. Wasomaji wake walikuwa wanafunzi wa Kijerumani waliojiandaa kwenda kuwatawala jamaa zake. Hakuna aliyeketi mbele yake akamwambia, hapa umenena, pale umekosea, kwetu Pangani hatufanyi hivyo. Mwaka 1905 alijaribu kurudi kwao na mke wake Mjerumani, serikali ya kikoloni ikawazuia. Baadaye alifundisha hapa hapa Hamburg, chini ya profesa Carl Meinhof, na mwaka 1927 akafia Berlin. Najiuliza, katika miaka yote hiyo, jioni alipomaliza kufundisha, aliandika nini ambacho hakuna mtu aliyekitaka?

Hamburg inatupeleka kwa Sayyida Salme. Binti huyu wa Sultani Said aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa hapa, na mwaka 1870 akabaki mjane na watoto watatu wadogo. Wengi tunajua kumbukumbu zake, zilizochapwa mwaka 1886 kwa Kijerumani. Wachache wanajua kwamba aliacha pia barua ndefu zilizopigwa chapa miaka mingi baada ya kifo chake. Humo anamsimulia rafiki yake wa Unguja maisha ya huku: upweke, taabu za fedha, jinsi watu walivyomkodolea macho. Barua hizo nazo ziko kwa Kijerumani. Rafiki wa Unguja angezisomaje? Mama huyu alikuwa na mengi ya kusema na watu wa kwao, na pale alipokuwa hapakuwa na hata mmoja wa kumsomea kwa lugha yao. Kitabu cha barua hizo kilinichoma kuliko vyote vya wiki ile.

Halafu nikafungua Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Kati ya mwaka 1969 na 1972 alifungwa na serikali ya Kenya kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi?, na mashairi yake akayaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Mwandishi aliyefichwa mbali na watu kuliko huyu simjui. Hata hivyo mashairi yake hayana upweke ule wa Mtoro. Yanauliza, yanabishana, yanamsemesha mtu. Mshairi wa Mombasa hukulia mahali ambapo shairi likitungwa hujibiwa, na ndani ya seli Abdilatif alijua kwamba nje wapo watakaomjibu siku yake ikifika. Kitabu kilitoka mwaka 1973. Yeye mwenyewe alikuja kufundisha miaka mingi Leipzig.

Bara nako mambo yalikuwa hivyo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji, na wasomaji wengine wakayajibu kwa vina na mizani. Shaaban Robert alipata wasomaji humo akiwa karani wa forodha. Hakuwa na cheo cha mwandishi. Alikuwa na watu wanaongoja toleo lijalo waone kasema nini.

Nilikuwa nimefika hapo katika fikra zangu wakati dada mmoja muuguzi, ambaye wengi mnamjua kwa maandazi yake, aliponikaribisha Jumamosi sebuleni kwake. Kumbe watu hukutana pale kila mwezi. Dereva wa basi, wanafunzi, mama watu wazima, mzee mmoja wa Tanga, bwana mmoja wa Lubumbashi. Kila mtu huleta ukurasa wake, huusoma kwa sauti, na wengine hawaruhusiwi kusema "nzuri sana" wakanyamaza. Lazima waseme ni wapi walipochoka na wapi walipotaka zaidi. Dada mwenye nyumba alisoma habari ya zamu ya usiku, bibi wa Kijerumani anayemwita kwa jina la binti yake aliyekufa, naye huitika. Hakuna aliyegusa chai yake.

Bwana wa Lubumbashi aliposoma, ubishi ulizuka. Kijana mmoja alisema kile si Kiswahili sanifu, ngeli zimevurugika. Nami nasema wazi msimamo wa jarida hili: tutakichapa vile vile kilivyo. Mwaka 1965, watu waliokuwa watumishi wa majumbani mwa Wabelgiji waliandika historia ya mji huo wa Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, kwa Kiswahili chao cha Katanga, kwa mkono wa André Yav. Wangengoja kwanza wajifunze usanifu wa Dar es Salaam, leo tusingekuwa na habari za mji ule kutoka kwa waliopika na kufua ndani yake. Tutasahihisha herufi zilizoanguka, lugha ya mtu hatutaigusa.

Msidhani haiwezekani kuandika ukiwa huku. Mohammed Khelef Ghassani, Mzanzibari aliyekuwa akifanya kazi Bonn, mwaka 2015 alishinda tuzo ya ushairi ya Mabati-Cornell kwa diwani yake N'na Kwetu. Msidhani pia kwamba ni lazima mwandike juu ya minazi na bahari. Salim bin Abakari aliandika safari yake ya Urusi na Siberia kwa Kiswahili, nayo ikachapwa mwaka 1901. Nani ataandika foleni ya ofisi ya wageni saa kumi na moja alfajiri? Nani ataandika mtoto anayemjibu mama yake kwa Kijerumani mezani?

Kuanzia toleo lijalo, kurasa mbili za katikati ni zenu. Kila kitakachochapwa kitachapwa pamoja na jibu la msomaji mmoja, shairi kwa shairi, habari kwa habari. Wazee wetu mlio na daftari kabatini, na ninyi vijana mnaoogopa kuchekwa kwa ngeli, leteni. Asiyetaka kuandika na asome, kisha ajibu kwa jina lake. Anwani ya jarida ni ile ile, na mlango wa sebule ile uko wazi Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi.