Diski haiimbi

Katika maduka ya kompyuta ya Butembo kuna usemi unaorudiwa siku hizi: nunua SSD, muziki utasikika safi zaidi. Wenzangu kadhaa wanaojiandaa kurekodi nyimbo za Kinande kwa ajili ya tasnifu wameuamini. Mimi nasema pesa hizo zinakwenda pasipostahili.

Sauti ya kidijitali ni nambari. Dakika moja ya muziki wenye ubora wa CD ni megabaiti 10 hivi, na hata diski ya kuzunguka iliyozeeka husoma makumi ya megabaiti kwa sekunde. Nambari zikifika zote na kwa wakati, wimbo ni uleule, utoke kwenye SSD au kwenye flashi. Anayetaka usikivu bora anunue spika nzuri. SSD ina sifa zake: kompyuta huwaka haraka, na haiumii upesi ikitikiswa kwenye pikipiki kati ya Butembo na Beni. Ila haiimbi.

Kinachoharibu sauti ni namna ya kuihifadhi. MP3 huweza kuipunguza dakika ileile hadi megabaiti 1 kwa kutupa yale ambayo sikio haliyatambui kwa urahisi. Kwa ngoma ya arusi si neno. Kwetu ni hatari: toni huenda ikabaki, lakini vipimo vya irabu na vya vikwamizi huweza kupotoka, na Kinande ndiyo lugha ambayo upatano wa irabu zake unajadiliwa na wanafonolojia wa nchi nyingi. Kilichotupwa hakirudi, kugeuza MP3 kuwa WAV ni kunenepesha faili tu. Turekodi kwa WAV. Nafasi ikiwa ndogo, FLAC huipunguza karibu nusu bila kutupa chochote.

Halafu kuna flashi bandia. Juu imeandikwa gigabaiti 256, ndani ina 16. Ikijaa huandika juu ya faili za mwanzo au hutupa zile mpya, nayo kompyuta imenyamaza. Ijaribu kwanza kwa programu ya H2testw au F3, kabla hujaenda kijijini.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita kaskazini-mashariki mwa Kongo akirekodi nyimbo, zikiwemo za Wanande. Tunaweza kuzisikia leo kwa sababu zilitunzwa ILAM, maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, na baadaye zikatolewa kwa CD. Sisi tunawarekodi wazee wetu wenyewe, kisha kazi yote inaishi kwenye flashi moja ndani ya mfuko wa suruali! Tangu mauaji yaanze Beni mwezi Oktoba 2014, vijiji vingi vimehamwa. Bibi aliyeimba mbele ya simu yako mwaka jana huenda hutampata tena umwombe arudie.

Kwa hiyo naomba kitivo kiweke sharti: tasnifu yenye rekodi isipokelewe bila nakala tatu za faili asilia, moja ya mwanafunzi, moja ya kitivo, moja katika mji mwingine, pamoja na karatasi yenye jina la mwimbaji, kijiji, tarehe na ruhusa yake. Kwa bei ya SSD moja kubwa mara nyingi unapata diski mbili za kuzunguka zenye nafasi ileile. Walimu wakiuliza zitawekwa wapi, hesabu ni hii: saa 10 za WAV yenye ubora wa CD ni gigabaiti 6 na ziada kidogo. Diski moja ya terabaiti 1 inabeba kazi za wanafunzi zaidi ya 100, na inaenea kwenye droo ya sekretarieti.