Motokari ya zamani: tuangalie nini mbele ya kutoa dola za MUSO?



Juma hili tunaacha kidogo mambo ya minervali na ya chakula cha watoto, tunafungua kapo ya motokari. Sababu ni hii: MUSO moja ya chama chetu inataka kununua motokari ya kufanya taksi hapa Bukavu, na mama mmoja wa Kadutu alituuliza wazi: Toyota Premio ya mwaka 2003, komisioneri anasema ilitembea kilometa 98.000 tu, je, tuiamini? Dola wanazoshika walizikusanya miaka miwili, juma kwa juma, wengine wakiuza samaki, wengine makala. Hatuwezi kuwajibu kwa kusema "Mungu atasaidia."

Tuanze na jina, kwa sababu wauzaji wanapenda kuanza na jina. Ni kweli kwamba Toyota za namna hii ni za nguvu. Carina na Corona Premio za miaka 1996 mpaka 2001 tunazipanda kila siku. Mwisho wa mwaka 2001 Toyota ilitoa Premio mpya na dada yake Allion, na umbo hilo liliendelea mpaka 2007. Fundi wetu anazijua, piese zake zinapatikana. Lakini jina la Toyota ni kama diploma ya mwalimu: inaonyesha kwamba mtu alisoma, haionyeshi kama leo ana malaria. Motokari mbili zilizotoka fabriki siku moja, moja ilikuwa ya mzee aliyebadilisha mafuta kwa wakati, ingine ilikuwa ya kijana aliyeongeza maji ya mto. Baada ya miaka 20 hizo si ndugu tena.

Kwa hiyo tunauliza kwanza: ni Premio gani? Chini ya kapo kuna kibati kidogo chenye herufi. Kwa Premio za 2001 mpaka 2007, kama inaanza na NZT, ni moteri ya 1,5, ile ndogo. ZZT ni ya 1,8. AZT ni ya 2,0. Ukituuliza sisi, kwa taksi tunachagua ile ndogo. Ile ya 1,8, zaidi zile za miaka ya kwanza, inajulikana kwa kula mafuta ya moteri: ringi za pistoni zinajaa uchafu, mafuta yanapanda na kuungua. Ile ya 2,0 yenye kuandikwa D-4 inasukuma esanse kwa nguvu nyingi moja kwa moja ndani ya silinda. Huko Japani ni akili nzuri. Hapa, kwa esanse ya kadafi iliyokaa katika bidoni kando ya barabara, pompi yake inateseka na piese zake ni bei kali. Zile za zamani zaidi, zenye AT ao ST, zina mkanda wa ndani ambao unapaswa kubadilishwa karibu kila kilometa 100.000. Muuzaji akisema ulibadilishwa, aonyeshe fatiri. Kama hana, hesabu kwamba haukubadilishwa na utoe bei yake ndani ya bei ya motokari.

Sasa zile kilometa 98.000. Motokari ya miaka zaidi ya 20 yenye kilometa chache hivyo inawezekana, Wajapani wengi hawatembei mbali. Lakini namba za kilometa zinarudishwa nyuma kwa dakika chache, kwa hiyo sisi tunaangalia vitu ambavyo hakuna mtu anakumbuka kuvirudisha. Mpira wa pedali ya freni umelika mpaka chuma? Volani inang'aa kama sahani? Kiti cha shofere kimeshuka upande mmoja? Basi 98.000 ni hadithi. Tazama tena ndani ya mlango wa shofere na chini ya kapo: mara nyingi magaraji ya Japani yanabandika karatasi ndogo ya kubadilisha mafuta, na kilometa zimeandikwa pale. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu ya mfalme wao, ile ya Heisei. Ongeza 1988: Heisei 22 ni 2010. Kama mwaka 2010 ilikuwa tayari na 130.000, namna gani leo ina 98.000? (Hesabu hiyo hata mtoto wa primeri ya tatu anaiweza, mwende naye.)

Jambo kubwa kuliko yote ni kufika asubuhi, mbele moteri haijawashwa. Mweleze muuzaji hivyo siku moja mbele, kisha ufike na uweke mkono juu ya kapo. Kama ni ya moto, aliiwasha ili kuficha namna inavyoamka. Rudi nyumbani, urudi kesho. Kama ni baridi, toa kizibo cha mafuta ya moteri, angalia chini yake. Mafuta meusi si kitu. Lakini ukiona povu zito la rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya mafuta, na mara nyingi ni ile jwenti ya kilasi imeungua. Pengine ni unyevu tu wa motokari inayotembea safari fupi, kwa hiyo fungua na radiateri pia, ikiwa baridi, usifungue kamwe ikiwa ya moto. Ukikuta mafuta yanaelea ndani ya maji, usibishane na bei, jiendee. Maji ya rangi ya kutu yanaonyesha kwamba walikuwa wakiweka maji matupu, na radiateri imeanza kuziba.

Kisha iwashwe, na mmoja wenu asimame nyuma. Moshi wa bluu ni mafuta ya moteri yanayoungua. Moshi mweupe wa asubuhi ambao unaisha ni mvuke. Ule usioisha hata moteri ikipata moto ni maji. Moshi mweusi ni esanse nyingi, na huo unatengenezeka. Acha moteri iendelee dakika 20 huku mkiongea. Sindano ya moto inapaswa kupanda mpaka karibu katikati na kukaa pale. Ikipita, kuna shida. Lakini ikikataa kabisa kupanda, usifurahi: mafundi wengi hapa kwetu wanatoa termostati ili kuficha moteri inayopata moto sana.

Kuna hila moja tunaipenda kuwaonyesha wamama, kwa sababu haiombi kujua mekanike hata kidogo. Geuza funguo bila kuwasha. Taa ya moteri, ya mafuta na ya batri lazima ziwake zote katika tablo. Washa: zinazimika. Taa ikibaki, moteri inalia kwamba inaugua. Na taa ya moteri isipowaka hata kidogo wakati wa kugeuza funguo, mtu aliitoa ao aliifunika, ili usisikie kilio.

Komisioneri atakutembeza kwenye barabara iliyo sawa. Kataa. Jazeni watu watano, mpande nayo Kadutu. Vitesi za otomatike zinapaswa kushika bila kugonga na bila kukawia. Ukiweka D ao R na inangoja sekunde tatu ndipo ishike, bwate imechoka, na bwate ndiyo inayoua MUSO. Zima redio. Msikilize milio ya chini kwenye mashimo: rotile na amortisere si kifo, ni bei ya kupunguza. Kutu chini ya milango ni jambo zito zaidi, kwa sababu sehemu fulani za Japani wanamwaga chumvi barabarani juu ya theluji.

Juu ya volani: Premio zilitoka na volani ya kuume, na sisi tunatembea kuume. Ndani ya mji mtu anazoea. Kwa safari ya Uvira, kule Ngomo, shofere wa volani ya kuume haoni kamyoni inayokuja mbele ya kupita mwenziwe. Wengine wanaihamisha volani kushoto katika garaji. Kama mlinunua iliyohamishwa, fundi aangalie kila soda na kila skuru ya volani na ya freni, maisha ya watoto yanashikiliwa pale.

Tukifika kwa karatasi, wengi wanachoka. Namba ya shasi iliyopigwa katika chuma ifanane herufi kwa herufi na karte roze na karatasi za DGDA. Na jina? Tunasema waziwazi: karte roze iandikwe kwa jina la MUSO kama ina karatasi zake, ao la mama aliyechaguliwa kwa prosè-verbali iliyosainiwa na wote. Tusiandike kwa jina la shemeji juu ya kuwa yeye anajua kuongea na polisi. Tangu sheria ya 15 Julai 2016 iliyogeuza Kodi ya Familia, mwanamke aliyeolewa haombi tena ruhusa ya bwana kama zamani. Mume na mke wanapatana. Patana nyumbani, kisha jina lako liandikwe.

Fundi mumtafute ninyi, si komisioneri. Komisioneri anakula kwa muuzaji, na pengine kwenu pia. Mlipe fundi bei ileile mkinunua ao msiponunua, asiwe na sababu ya kusema ndiyo. Na bei ikimaliza dola zote za MUSO, hiyo motokari ni ghali hata kama ni nzuri: bado kuna mafuta mapya, filtri, freni, mipira minne, asiransi. Mipira ina namba nne kando: 2315 ni juma la 23 la mwaka 2015. Mipira ya namna hiyo ni ya kutupa, hata iking'aa.

Kwa mama wa Kadutu: kibati cha ile Premio, kwa picha uliyotutumia, kinaanza na ZZT. Si mbaya, lakini mpime mafuta ya moteri, mkopeshane motokari siku tatu kwa kulipa, kisha mpime tena. Kama muuzaji anakataa hata kufika kwenu saa kumi na mbili asubuhi kapo ikiwa baridi, dola zibaki ndani ya kisanduku. Kuna Premio ingine.